Uaminifu Kazini, Nyumbani na Kanisani

Somo la familia la wiki hii

Maandiko ya kusoma: Luka 3:10–14, Kutoka 1:15–21, Danieli 6:1–5, Mithali 11:13, Yakobo 5:4, 2 Wakorintho 8:18–21

Lengo la somo: Kutazama kazi tunazofanya katika nchi hii na maisha yetu ya pamoja kama kanisa, na kujiuliza mtu anayetutegemea anaweza kutuamini kiasi gani wakati hakuna anayetuona.

Utangulizi



Katika Luka sura ya 3, watu walimwendea Yohana Mbatizaji wakiwa wameguswa na mahubiri yake, wakamuuliza wafanye nini. Tuangalie vizuri alivyowajibu. Hakuwaambia wote neno moja. Wenye nguo na chakula aliwaambia wagawane na wasio navyo. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari aliwaambia wasiwaonee watu, wasiwasingizie, na waridhike na mshahara wao. Kila mmoja alipewa jibu linalolingana na kazi yake. Yohana hakumwambia mtoza ushuru aache kazi na kwenda jangwani. Alimwambia arudi kwenye meza yake ya kazi, lakini arudi akiwa mtu mwingine.

Sasa tujiulize: kama sisi ndio tungekuwa pale mtoni, angetuambia nini? Katika kanisa letu wengi wanafanya kazi kwenye nyumba za wazee, wanahudumia wagonjwa majumbani, au wako hospitalini. Wengine wako kwenye maghala, viwanda vya nyama, usafi wa ofisi, udereva na kulea watoto. Tunatoka Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya na Uganda, na tumekutana hapa Marekani kazini na kanisani. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tumepewa. Somo hili linauliza tunalishikaje.

Tutaangalia mambo matano. Mifano mingi itatoka kwenye kazi za afya kwa sababu ndiyo kazi ya nyumba nyingi hapa kanisani. Lakini aliye ghalani au kiwandani ataona kwamba jambo ni lile lile.

1. Tunachoandika kiwe ndicho tulichofanya

Danieli alikuwa mgeni katika nchi ya watu, kama sisi. Alifanya kazi katika ofisi ya mfalme. Wenzake walipotaka kumwangusha walichunguza kazi yake kwanza, wakakosa kosa au uzembe wowote. Ona kwamba hawakuanzia kwenye sala zake. Walianzia kwenye kazi yake, na walipoikuta safi ndipo wakageukia imani yake.

Tuchukue mfano wa mzee asiyeweza kujigeuza kitandani. Kwenye fomu yake kumeandikwa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kwa nini? Akilalia upande mmoja muda mrefu, ngozi na nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro. Damu haipiti vizuri, na sehemu hiyo huanza kufa. Hapo ndipo vidonda vya mgandamizo vinapoanzia: kwenye visigino, nyonga na chini ya mgongo. Vinaweza kuanza ndani ya saa chache tu, lakini kuvitibu huchukua wiki na miezi, na wakati mwingine vinafika mpaka kwenye mfupa na kumuua mgonjwa.

Vitabu vingi vinasema dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole. Kwa ngozi nyeusi kama zetu wekundu huo unaweza usionekane. Ni lazima kushika: je, sehemu hiyo ina joto kuliko nyingine? Ni ngumu, au imekuwa laini kupita kawaida? Rangi yake imebadilika ukilinganisha na upande wa pili? Mgonjwa anasema inauma? Hatuwezi kujua haya tukiwa tumesimama mlangoni.

Sasa usiku una kazi nyingi. Mhudumu mmoja ana wagonjwa wengi na mwenzake hakuja zamu. Inafika saa kumi na moja alfajiri na fomu ina nafasi tupu za saa nane, saa kumi na saa kumi na mbili. Ni rahisi sana kuweka alama ya vema kwenye zote tatu, hata ile ya saa ambayo haijafika. Hakuna atakayejua. Mzee mwenyewe hasemi, na kwenye karatasi kila kitu ni kizuri.

Lakini fomu ile ina msomaji. Anayeingia zamu ya asubuhi anaisoma na kuamini kwamba mzee aligeuzwe, basi anaanza na wengine. Kwa hiyo mzee amekaa saa sita au saba upande ule ule, na kila aliyesoma fomu amedhani yuko salama. Madhara ya alama ile ni makubwa kuliko ya kutogeuzwa mara moja, maana imewafumba macho wote waliokuja baadaye.

Mfano mwingine ni chakula. Mgonjwa wa kisukari ameletewa sinia. Mhudumu anaondoa sinia bila kuangalia vizuri na kuandika kwamba amekula chote. Muuguzi anasoma hivyo na kumpa insulini ya mlo ule. Kumbe mgonjwa aliusukuma mlo pembeni. Baada ya muda sukari inashuka: anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, anaweza kupoteza fahamu. Neno moja lisilo la kweli kwenye karatasi limempeleka pale.

Basi tufanye nini usiku unapotushinda? Tuseme ukweli mapema, kwa mdomo na kwa maandishi. Mwambie muuguzi wa zamu: "Nina wagonjwa wengi kuliko ninavyoweza, hawa watatu bado hawajageuzwa." Kama jambo halikufanyika, liandikwe kwamba halikufanyika, na sababu yake. Nafasi tupu iliyo ya kweli inamlinda mgonjwa kuliko alama ya vema ya uongo. Na kosa likitokea, kwa mfano dawa imepewa mtu asiye yake, liripotiwe dakika ile ile, kwa sababu mara nyingi bado kuna la kufanya kumwokoa. Likifichwa, madaktari watatafuta ugonjwa mahali usipo.

Watu wa nchi hii wanatuamini. Shirika la Gallup huwauliza Wamarekani kila mwaka ni watu wa kazi gani wanaowaona kuwa waaminifu, na tangu wauguzi walipowekwa kwenye orodha hiyo mwaka 1999 wameongoza karibu kila mwaka. Mwaka 2001 wazima moto ndio waliowapita. Imani hiyo imejengwa na watu waliogeuza wagonjwa usiku bila kusimamiwa. Sisi tumeikuta, tusiwe sisi wa kuibomoa.

2. Tunapoamriwa kufanya lisilo sawa

Shifra na Pua walikuwa wakunga. Mfalme wa Misri aliwaamuru waue watoto wa kiume wa Waebrania wanapozaliwa. Biblia inasema walimcha Mungu na hawakufanya alivyoamuru. Ni kati ya wahudumu wa afya wa kwanza wanaotajwa kwa majina katika Maandiko, na wanakumbukwa kwa sababu walikataa.

Wengi wetu hatuamriwi kuua. Tunaamriwa mambo madogo: weka sahihi yako hapa, zamu ilikuwa na watu wanne, jaza hizi fomu za jana, wakaguzi wanakuja kesho, yule bibi ana alama za michubuko lakini usiandike, familia yake italeta maneno. Anayeamriwa mara nyingi ni yule ambaye Kiingereza chake bado hakijakaa sawa, au ambaye mambo yake ya uhamiaji bado hayajaisha. Wanajua anaogopa.

Tusiidharau hofu hiyo. Nyuma ya mshahara mmoja kuna kodi ya nyumba hapa na karo ya wadogo zetu kule nyumbani. Kwa hiyo hatusemi tu "kuwa jasiri" halafu tukamwacha mtu peke yake. Tunasema hivi:

Kwanza, usiweke sahihi kwenye karatasi ambayo hukuielewa au ambayo unajua si kweli. Sahihi yako ndiyo itakayoulizwa, na aliyekuamuru anaweza kusema hakujua.

Pili, andika kwako binafsi tarehe, saa na ulichoambiwa, bila kuandika jina la mgonjwa.

Tatu, jua kwamba kuna mahali pa kupeleka jambo. Sheria ya mwaka 1987 iliweka haki za wazee wanaoishi kwenye nyumba za kulelea, na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyotaka wasaidizi wa wauguzi wasome angalau saa 75. Kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wazee hao, na namba yake hutakiwa kubandikwa ukutani ndani ya nyumba. Itafute kwenye ukuta wa kazini kwako.

Nne, njoo kwa wazee wa kanisa au kwa dada na kaka walioko kwenye kazi za afya kabla hujaamua. Wakunga wale walikuwa wawili. Mtu akiwa na mwenzake ni rahisi kusimama.

3. Saa za kazi na pesa "za serikali"

Kuna msemo unazunguka kati yetu: "Hiyo ni pesa ya serikali, haina mwenyewe." Tuupime.

Kwenye majimbo mengi, Medicaid inaweza kulipia mtu wa kumhudumia mgonjwa au mlemavu nyumbani kwake, na mara nyingine ndugu wa familia anaruhusiwa kuwa ndiye mhudumu anayelipwa. Ni msaada mkubwa. Umewawezesha wazazi wetu kubaki nyumbani, kula ugali na kusali kwa lugha yao. Lakini hapo ndipo majaribu yanapoingia. Saa 40 zinaandikwa, zilizofanyika ni 20. Mhudumu yuko kwenye kazi yake ya pili ghalani wakati karatasi inasema anamwogesha mama. Au familia na mhudumu wanakubaliana: wewe andika, tutagawana.

Huo ni wizi, hata kama kila mtu mezani amefurahi. Sheria iliyopitishwa mwaka 2016 inataka huduma hizi zirekodiwe kwa njia ya kielektroniki: nani amehudumia, nani amehudumiwa, wapi, na saa ya kuanza na kumaliza. Anayekutwa amedanganya anaweza kushtakiwa, na anaweza kufungiwa kufanya kazi yoyote ya afya inayolipwa na serikali. Kwa asiye raia, hukumu ya udanganyifu inaweza kuharibu na kesi yake ya uhamiaji.

Lakini tusiishie kwenye hofu ya kukamatwa. Saa zile alipewa mama kwa sababu mtu alikuja, akampima, akaona hawezi kujiogesha wala kupika. Zinapoandikwa bila kufanyika, mama ndiye anayekaa na njaa mpaka jioni. Mwenye pesa ile yuko, naye ni yule aliyelala chumba cha ndani.

Upande wa pili nao una neno lake. Baadhi ya ndugu zetu Mungu amewafungulia mlango, wameanzisha kampuni za usafi, za usafirishaji, au mawakala wa wahudumu, na wameajiri watu wa kanisani. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Sheria ya kazi ya mwaka 1938 inasema kwamba kwa wafanyakazi wengi, saa zinazozidi 40 kwa wiki zilipwe mara moja na nusu. Mwajiri asiseme, "Huyu ni mtu wetu, ataelewa." Kuwa mtu wetu ni sababu ya kumlipa vizuri na kwa wakati. Haiwezi kuwa sababu ya kumpunja, wala kumpa hati ya malipo asiyoielewa kwa kuwa hasomi Kiingereza.

4. Siri ya mtu si mali yetu

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi tunaofanya kazi za afya ni kata. Tunaingia ndani ya mtungi, tunaona yaliyo chini kabisa. Na kanisa dogo la watu wa lugha moja ni kijiji. Anayekuja kliniki leo, kesho tutakaa naye benchi moja.

Nchi hii ina sheria ya siri za wagonjwa, HIPAA, ya mwaka 1996. Inamzuia mfanyakazi wa afya kusema habari za mgonjwa kwa asiyehusika, na hata kufungua faili la mtu ambaye si mgonjwa wake ili tu ajue. Kompyuta inaandika nani amefungua faili la nani na saa ngapi. Watu wanafukuzwa kazi kwa ajili hiyo. Picha ya mgonjwa, hata ya mkono wake tu na kucha alizopakwa rangi vizuri, haiendi kwenye simu yetu wala kwenye Facebook.

Lakini sheria hiyo haimfungi jirani, mwimbaji wa kwaya, wala mama wa jikoni aliyesikia. Hapo ndipo Mithali 11:13 inapoingia. Inatofautisha msengenyaji anayefichua siri na mtu mwenye roho ya uaminifu anayesitiri jambo. Na tuseme wazi: kati yetu masengenyo mara nyingi huvaa nguo za maombi. "Wapendwa, tumwombee dada fulani, madaktari wamempata na..." Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la watu 200, na kabla ya ibada ya jioni umefika Goma, Kigoma na Nairobi.

Matokeo yake ni nini? Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI anaacha kwenda kliniki kwa sababu amemwona mmoja wetu pale mapokezi. Msichana mwenye huzuni nzito baada ya kujifungua ananyamaza, asije akaitwa mwendawazimu. Baba aliyeteswa vitani halali usiku, lakini hataki mshauri anayezungumza Kiswahili. Anaogopa mtu wa lugha yake kuliko mgeni. Hilo linapaswa kutuumiza. Lugha ambayo ingekuwa mlango wake wa kupata msaada, ulimi wetu umeifanya ukuta.

Basi tuweke desturi moja. Kabla ya kutaja ugonjwa wa mtu kwenye maombi, tumuulize mwenyewe: "Niseme nini, na nisiseme nini?" Akisema tusitaje, tutamwombea bila kutaja. Mungu analijua jina lake na ugonjwa wake.

Kuna mambo ambayo hayafichwi. Mtoto anayepigwa au kunajisiwa, mzee anayeteswa au kuibiwa, mke ambaye maisha yake yako hatarini, mtu anayesema anataka kujiua: hapo kunyamaza si kusitiri. Wauguzi, walimu na wengine wengi wanalazimishwa na sheria za majimbo kutoa taarifa wanaposhuku mtoto anadhuriwa, na "tutamaliza kwenye familia" si jibu linalomlinda mtoto. Kwa hatari ya sasa hivi piga 911. Kwa mwenye mawazo ya kujiua kuna namba 988, ya kupiga au kutuma ujumbe, saa zote.

5. Mtoto si mkalimani wa hospitali

Hili tunalitaja peke yake kwa kuwa linatokea kila wiki. Mama ana miadi na daktari. Kiingereza chake ni kidogo. Anamtoa mtoto wa miaka kumi na mbili shuleni aje kutafsiri. Daktari anasema maneno mazito kuhusu uvimbe kwenye titi. Mtoto anamtazama mama yake. Hajui neno la Kiswahili la kile alichosikia, na hata angelijua asingetaka kulisema. Anasema, "Amesema urudi tena wiki ijayo." Mama anatoka akiwa na amani, na mtoto anatoka amebeba peke yake jambo ambalo hata mtu mzima asingelibeba.

Tusimlaumu mama, wala mtoto. Tuwafundishe watu haki zao. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inakataza wanaopokea pesa za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya asili yake ya taifa, na ndiyo msingi wa haki ya kupata mkalimani. Kanuni zilizotoka kwenye sheria ya afya ya mwaka 2010 zinakataza hospitali na kliniki hizo kumtegemea mtoto kutafsiri, isipokuwa kwa dharura wakati hakuna mkalimani. Mkalimani ni bure. Anaweza kuwa mtu aliye pale, au kwa simu, au kwa skrini.

Namna ya kufanya ni hii. Unapopanga miadi, sema unahitaji mkalimani na utaje lugha yako kamili. Kama unaelewa zaidi Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe au Kifaransa, sema hivyo. Kama ni Kiswahili cha Kongo, sema, maana wakalimani wengine wamezoea cha Tanzania au Kenya na maneno yanaweza kupishana. Ukifika, hospitali nyingi zina bango lenye majina ya lugha. Weka kidole kwenye yako. Mkalimani akisema kitu kifupi wakati daktari ameongea kirefu, uliza tena. Na usiweke sahihi ya upasuaji kabla hujaelewa.

Sisi tunaojua lugha zote mbili nasi tuna wajibu. Tukimsindikiza mtu, tumsaidie kuomba mkalimani na tukae naye kama ndugu. Tusiongeze ushauri wetu katikati ya maneno ya daktari, wala tusipunguze habari mbaya kwa huruma. Mgonjwa ana haki ya kuusikia ukweli wake wote.

Neno fupi juu ya michango

Msiba ukitokea, kusafirisha mwili kwenda nyumbani kunagharimu maelfu ya dola, na kanisa letu huchanga. Ni mila nzuri kabisa. Lakini pia ndipo urafiki mwingi umevunjika.

Paulo alipobeba sadaka ya makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuibeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, na akaeleza kwamba alitaka kuepuka lawama, na mambo yawe mema mbele za Mungu na mbele za watu pia. Kama mtume Paulo alikubali kuangaliwa, nani kati yetu atasema, "Kwani hamniamini?"

Kwa hiyo: pesa za msiba zishikwe na watu wasiopungua watatu, na mmoja wao atoke nje ya familia ya wafiwa. Isemwe tangu mwanzo zitakazobaki zitakwenda wapi. Baada ya mazishi itolewe taarifa ya mapato na matumizi kwa waliochanga. Na majina ya wasiotoa yasisomwe. Huenda mtu ametoa machozi kwa sababu hakuwa na kingine wiki ile.

Hitimisho

Wapendwa, katika yote haya matano mtu anayetutegemea ni dhaifu kuliko sisi: mzee asiyeongea, mama chumba cha ndani, mfanyakazi asiyesoma Kiingereza, mgonjwa mwenye siri, mtoto. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kutusimamia. Bwana Yesu alisema katika Mathayo 25 kwamba yeye yuko ndani ya watu hao. Tulilomtendea mmoja wa hao wadogo tumemtendea yeye, hata kama ni saa kumi usiku na hakuna anayeona.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kila mmoja kwenye familia aeleze kazi yake, na watoto waeleze masomo yao. Je, ni mahali gani ambapo ni rahisi "kuweka alama ya vema" bila kufanya?

2. Je, umewahi kuambiwa kazini ufanye jambo unalojua si sawa? Kama sivyo, ungemwendea nani kwanza likitokea?

3. Wazazi waulize watoto: "Je, kuna siku tulikupa kazi ya kutafsiri jambo lililokuwa zito kwako?" Wasikilize bila kukatiza.

4. Je, kuna habari ya mtu uliyoisambaza ambayo haikuwa yako kusambaza? Unawezaje kutengeneza?

5. Kama Yohana Mbatizaji angekuja kazini kwako Jumatatu, angekuambia nini?

Jambo la kufanya wiki hii

Kila familia ipige simu kwenye kliniki yake na kuhakikisha kwamba lugha yao imeandikwa kwenye faili, na kwamba wanahitaji mkalimani. Kama hujui namna ya kuliomba hilo kwa Kiingereza, baada ya ibada Jumapili njoo kwenye meza ya afya, tutapiga simu pamoja. Yote utakayotuambia pale yatabaki pale.

Sala

Ee Mungu Baba, wewe unatuona tukiwa zamu ya usiku na tukiwa peke yetu. Utupe mikono inayofanya kweli na kalamu inayoandika kweli. Uwalinde ndugu zetu wanaoogopa kupoteza kazi kwa kusema ukweli, na utufanye tuwe watu wanaoweza kukimbiliwa nao. Ufunge vinywa vyetu pale panapotakiwa kusitiri, na uvifungue pale mnyonge anapoumizwa. Tuubariki mji huu tulioletwa ndani yake, na amani yake iwe amani yetu. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.